Menyu ya GRUB Isiposomeka

Programu inayowasha Linux kwenye kompyuta nyingi inaitwa GRUB. Ndiyo inayoonyesha ile menyu ya kuchagua Ubuntu au Windows, kisha inaipakia keneli kwenye kumbukumbu na kuiachia mashine. Ikiwa salama, mtu hukaa nayo miaka bila hata kuiwazia. Ikiharibika upande wa picha, inaudhi kweli: herufi zinakuwa ndogo kama sisimizi, au menyu inatokea imetanuka na kukatwa pembeni, au inajichora mstari kwa mstari kwa uvivu, au monita inazima baada ya kuandika kwamba mawimbi inayoyapokea yako nje ya uwezo wake.

Karibu kila kasoro kati ya hizi hutibika kwa mstari mmoja au miwili ndani ya faili moja. Kinachowakesha watu ni kubadili mstari usiohusika. Mtu ana tatizo la keneli, anahangaika na GRUB. Mwingine ana tatizo la GRUB, anasakinisha upya draiva ya NVIDIA. Ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote utakayosoma hapa, ni huu: usiguse faili lolote kabla hujajua picha inaharibikia wapi, na usiandike chochote cha kudumu kabla hujakijaribu kwa muda.

Picha hupita mikono mitatu

Tangu unapobonyeza kitufe cha kuwashia mpaka unapoingiza nywila, skrini inashikwa na programu tatu kwa zamu, na kila moja inajichagulia resolusheni yake, yaani idadi ya pikseli za upana na za urefu.

Ya kwanza ni GRUB. Haina draiva ya kadi yako ya picha. Haijui kama una Intel, AMD au NVIDIA. Inachofanya ni kuiomba BIOS au UEFI orodha ya resolusheni zinazopatikana. Kwenye mashine za BIOS ombi hilo hupitia VBE, kanuni za VESA ambazo toleo lake la 3.0 ni la mwaka 1998. Kwenye mashine za UEFI hupitia GOP. Orodha inayorudi ndiyo mwisho wa maneno. Resolusheni unayoitaka isipokuwemo, hakuna utakachoandika kwenye faili kitakachoileta.

Ya pili ni keneli. Ikishapakiwa huendelea kwa muda na picha iliyoachiwa na GRUB, halafu draiva halisi ya kadi ikiamka inaipanga skrini upya kwa resolusheni ya asili ya kioo. Utaratibu huu wa keneli kujipangia skrini unaitwa KMS. Kadi za Intel ziliupata katika Linux 2.6.29 mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Ya tatu ni mazingira ya eneo kazi, iwe GNOME, KDE au XFCE, ambayo yana mipangilio yake ya skrini.

Basi jiulize ubaya unaanza lini. Menyu ikiwa mbaya lakini ukishaingia ndani kila kitu ni safi, tatizo ni la GRUB peke yake. Menyu ikiwa nzuri, kisha giza likaingia baada ya kubonyeza Enter, tatizo liko kwenye makabidhiano ya GRUB na keneli, au kwenye draiva. Na kama vyote hivyo ni vizuri, ila eneo kazi ndilo limekuwa kubwa na butu, kwa kawaida GRUB haina kosa. Iko hali moja tu inayoiingiza lawamani, nayo nitaieleza mbele.

Iulize mashine yenyewe

Washa kompyuta. Menyu isipojitokeza, shikilia Shift kwenye mashine ya BIOS, au bonyeza Esc kwenye ya UEFI mara tu nembo ya mtengenezaji inapoondoka. Esc ibonyeze mara moja. Ukiirudiarudia utajikuta kwenye mstari wa amri wenye neno grub> na si kwenye menyu. Hata hivyo si hasara, maana huko ndiko tunakokwenda. Aliye kwenye menyu abonyeze herufi c afike hapohapo. Kisha andika:

set pager=1
videoinfo

Amri ya kwanza inazuia maandishi yasikimbie juu kabla hujayasoma. Ya pili inatoa orodha. Kwenye mashine ya UEFI utaona kichwa kinachotaja EFI GOP, na chini yake mistari ya namna hii:

* 0x000 1920 x 1080 x 32 (7680)

Soma mstari huu polepole, kwani una habari zote unazohitaji. Nyota ni alama ya resolusheni inayotumika wakati huo. 1920 ni pikseli za upana, 1080 za urefu, na 32 ni biti zinazobeba rangi ya kila pikseli. Namba iliyo kwenye mabano ni baiti zinazohitajika kuchora mstari mmoja wa skrini: 1920 mara 4. Chini zaidi, kama monita inajitambulisha sawasawa, GRUB itaandika resolusheni ambayo monita yenyewe inaipendelea. Utambulisho huo unaitwa EDID, nao unasafiri ndani ya waya wa monita.

Hapo kwenye waya pana jambo ambalo mafundi wengi hulipita. Katika waya wa VGA, EDID hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Waya wa bei rahisi uliokatwa pini hizo, au adapta dhaifu ya kugeuza HDMI kuwa VGA, huonyesha picha bila shida lakini hauisemi monita ni ya namna gani. Mashine inabaki kubahatisha, na mara nyingi inaangukia 1024x768 au 640x480. Kama orodha ya videoinfo haina habari yoyote ya EDID, azima waya mwingine kwanza. Ni dawa ya bei ndogo kuliko zote.

Ukiwa na Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaoruhusu programu zilizosainiwa tu kuwasha mashine, GRUB iliyosainiwa inaweza kuikataa amri ya videoinfo kwa sababu moduli yake haimo ndani ya kifurushi kilichosainiwa. Unaweza kuizima Secure Boot kwa muda kwenye UEFI, ukamaliza uchunguzi, ukairudisha. Lakini kama diski hiyo ina Windows yenye BitLocker, tafuta kwanza ufunguo wake wa kurejesha na uuweke mahali salama. Windows ikiona Secure Boot imebadilika, inaweza kuudai ufunguo huo kabla ya kufunguka, na asiyekuwa nao anaweza kupoteza data.

Sasa kaa na orodha yako. Chukua mfano wa laptopu za mtumba zilizojaa madukani kwetu, zile zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani. Nyingi zina kioo cha 1366x768. Namba 1366 haigawanyiki kwa 8, na BIOS nyingi za zamani zilipangwa kwa upana unaogawanyika kwa 8. Ndiyo maana kwenye orodha ya VBE unaweza kukuta 1024x768, pengine 1360x768, lakini 1366x768 haimo. Mwenye laptopu hiyo akilazimisha resolusheni ya kioo chake, GRUB itamjibu kwamba haikupata modi ya video inayofaa, na wakati mwingine itaendelea kuwasha bila kuonyesha kitu. Hajakosea hesabu za kioo chake. Ameomba kitu ambacho BIOS haitoi.

Ukishachagua resolusheni iliyomo kwenye orodha, ijaribu papo hapo:

terminal_output console
set gfxmode=1024x768
terminal_output gfxterm

Mstari wa kwanza unaondoa uchoraji, wa pili unaweka resolusheni mpya, wa tatu unarudisha uchoraji. Ukiruka wa kwanza, badiliko halitaonekana. Bonyeza Esc urudi kwenye menyu uitazame. Skrini ikizima, shikilia kitufe cha umeme mpaka mashine izime, kisha iwashe tena. Hakuna kilichoandikwa kwenye diski, kwa hiyo utaikuta kama ilivyokuwa.

Kuandika kwa kudumu

Jaribio likikupendeza, ingia Linux, fungua terminali, na kabla ya lolote weka nakala:

sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.zamani
sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mstari unaoanza na GRUB_GFXMODE. Kwenye Debian na Ubuntu utaukuta umeandikwa 640x480 na umefungwa kwa alama ya reli (#) mbele yake, kwa hiyo haufanyi kazi yoyote. Wapo wanaobadili namba na kuisahau alama ile, kisha wakashangaa mbona hakuna kilichobadilika. Iondoe, uandike:

GRUB_GFXMODE=1280x1024,1024x768,auto
GRUB_GFXPAYLOAD_LINUX=keep

Mstari wa kwanza unakubali resolusheni kadhaa zikitenganishwa kwa koma, na GRUB hujaribu moja baada ya nyingine. Neno auto mwishoni usiliache. Siku mtu atakapoichomeka mashine hiyo kwenye projekta au televisheni isiyokubali zile mbili za mwanzo, auto ndiyo itakayomwonyesha kitu. Mstari wa pili unaiambia keneli iendelee na resolusheni ileile, ili skrini isiruke na kupiga giza katikati ya kuwaka.

Faili hili husomwa kama hati ya sheli, na sheli haina huruma kwa uandishi. Usiweke nafasi kabla wala baada ya alama ya sawa. Kati ya namba mbili iwe herufi x ya kawaida, si alama ya kuzidisha. Na kama mwenzako amekutumia mstari kwa WhatsApp, uandike upya kwa mkono, hasa penye alama za kunukuu: simu hupenda kuzipinda, na alama iliyopinda si alama ya kunukuu mbele ya sheli. Thamani yenye nafasi ndani yake ikizungushiwa alama hizo, faili zima linaweza kukataliwa.

Hifadhi, kisha utengeneze upya mpangilio wenyewe, kwa sababu GRUB haisomi faili ulilolihariri. Inasoma jingine, grub.cfg, linalozalishwa kutokana na hilo. Kwenye Debian, Ubuntu na Linux Mint amri ni:

sudo update-grub

Kwenye Arch na jamaa zake:

sudo grub-mkconfig -o /boot/grub/grub.cfg

Na kwenye Fedora:

sudo grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg

Fedora ina mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, tangu Fedora 34 faili la grub.cfg lililo kwenye kizigeu cha EFI ni kielekezi kifupi tu kinachopeleka kwenye lile la /boot/grub2. Maelekezo ya zamani yanayokutaka uandike kwenye /boot/efi/EFI/fedora yamepitwa na wakati, na ukiyafuata unaweza kukifuta kielekezi hicho. La pili, kwa kawaida Fedora huweka GRUB_TERMINAL_OUTPUT="console". Ikiwa hivyo, GRUB_GFXMODE haina kazi hata uandikeje. Badili neno console liwe gfxterm.

Badiliko lako likionekana kupuuzwa kwenye Ubuntu au Mint, chungulia folda ya /etc/default/grub.d. Mafaili yake husomwa baada ya lile kuu, kwa hiyo mstari uliomo humo ndio unaoshinda.

Herufi za sisimizi na menyu ya kujivuta

Kwenye vioo vya 4K tatizo ni kinyume. GRUB inapata resolusheni yote ya kioo, 3840x2160, lakini fonti yake ya kawaida ina urefu wa pikseli 16 tu. Kwenye laptopu ya inchi 14 hiyo ni herufi yenye urefu wa milimita moja na ziada kidogo. Mtu mwenye macho mazuri anakunja uso. Mzee anayetumia miwani hasomi kabisa.

Kuna na uvivu. GRUB huchora kwa kutumia prosesa, bila msaada wa kadi ya picha. Skrini moja ya 4K ni baiti zaidi ya milioni 33. Ya 1024x768 ni kama milioni 3. Kwa hiyo ukisogeza mshale kutoka Ubuntu kwenda Windows, unaona kabisa rangi ikijikokota kushuka. Mashine si mbovu, imepewa kazi mara kumi ya ile iliyokuwa inatosha.

Kwa hali hii mimi napendekeza kushusha resolusheni: 1280x720 au 1920x1080 ikiwa imo kwenye orodha yako, la sivyo 1024x768. Menyu unaitazama kwa sekunde chache tu, haina picha ya kusifia, na ukishaingia ndani draiva itakirudishia kioo pikseli zake zote. Njia ya pili ni kuacha resolusheni ilivyo na kukuza fonti:

sudo grub-mkfont -s 32 -o /boot/grub/fonts/kubwa.pf2 /usr/share/fonts/truetype/dejavu/DejaVuSansMono.ttf

Kisha kwenye /etc/default/grub ongeza:

GRUB_FONT=/boot/grub/fonts/kubwa.pf2

na kuzalisha upya grub.cfg. Njia ya faili la fonti niliyoiandika ni ya Debian na Ubuntu. Kwingineko itafute kwanza. Herufi zinapendeza, ila uvivu unabaki palepale, na matoleo ya GRUB yaliyozibwa mianya ya usalama tangu mwishoni mwa 2022 yanaweza kuikataa fonti ya nje Secure Boot ikiwa imewashwa. Ndiyo maana kushusha resolusheni ndiko ninakokupa nafasi ya kwanza.

Kwa seva, au mashine ya dukani yenye mfumo mmoja tu, sioni sababu ya kuwa na picha kwenye GRUB. Andika GRUB_TERMINAL=console, menyu iwe ya maandishi matupu. Inafunguka haraka na haina cha kuharibika.

Giza baada ya Enter

Menyu imekuja safi, umechagua Linux, skrini imekuwa nyeusi. Kwanza subiri, na usikilize. Diski ikifanya kazi na taa ya Caps Lock ikiwaka na kuzima unapoibonyeza, mashine iko hai. Haioni njia ya kukuonyesha tu. Ngoja dakika moja. Giza fupi linaloisha lenyewe ni mruko kutoka resolusheni ya GRUB kwenda ile ya draiva, na linavumilika.

Giza lisipoisha, zima, rudi kwenye menyu, weka mshale kwenye Linux na ubonyeze e. Utaona mistari ya kuhariri. Tafuta unaoanza na neno linux, wenye njia ya vmlinuz. Futa quiet na splash zilizo mwishoni ili uone keneli inasema nini, kisha bonyeza Ctrl na X pamoja, au F10. Kibodi humo iko kwenye mpangilio wa Kimarekani, hivyo alama nyingine zitatokea kwenye vitufe usivyovitarajia. Mabadiliko haya hudumu kwa uwasho huo mmoja tu.

Maandishi yakikatika ghafla na skrini kuzima, rudi tena uongeze nomodeset mwishoni mwa mstari huo. Neno hili huizuia draiva ya kadi isipange skrini, na mashine ikawaka kwa resolusheni ya chini. Likifanya kazi umejua mahali pa kushughulika: draiva. Sasisha keneli, au sakinisha draiva inayofaa kadi yako ya NVIDIA, kisha liondoe neno hilo.

Nasisitiza kuliondoa. Mashine nyingi zinazolalamikiwa kuwa eneo kazi limeganda kwenye 1024x768, video zinakwama na mwanga wa kioo haupunguki, zinaugua nomodeset iliyoachwa tangu siku ya usakinishaji. Hii ndiyo ile hali ambapo faili la GRUB linalaumiwa kwa haki. Kuhakiki ni rahisi:

cat /proc/cmdline

Ukiliona humo, lifute kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT au GRUB_CMDLINE_LINUX, endesha update-grub, uwashe upya. Fedora hutunza vigezo vya keneli kwa namna yake, huko tumia:

sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args="nomodeset"

Kama nomodeset haikusaidia na mashine ni ya BIOS, badili GRUB_GFXPAYLOAD_LINUX kutoka keep iwe text. Mwongozo wa GRUB wenyewe unaitaja text kuwa kimbilio pale makabidhiano yanaposumbua. Utaona mruko wa skrini, lakini mashine itawaka.

Kipo kigezo kingine ambacho kinawafaa sana watu wanaotumia televisheni kama monita, au laptopu iliyovunjika kioo ikaunganishwa na monita ya nje. Orodhesha milango ya picha:

ls /sys/class/drm

Jina kama card0-HDMI-A-1 lina maana mlango wako unaitwa HDMI-A-1. Televisheni inayokataa resolusheni ya draiva unaiwekea kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, pamoja na yaliyomo, video=HDMI-A-1:1280x720@60. Na kioo kilichovunjika, ambacho Linux inaendelea kukihesabu na kukitupia madirisha yako, unakizima kwa video=eDP-1:d, au video=LVDS-1:d kwa laptopu za zamani. Lakini elewa mpaka wa dawa hii: inaifikia keneli tu. Kama menyu ya GRUB inajichora kwenye kioo kilichokufa, BIOS ndiyo iliyoamua hivyo, na ni kwenye BIOS tu, au kwa kufunga kifuniko cha laptopu kabla ya kuwasha kwa baadhi ya mashine, unapoweza kuihamisha.

Ukiwa umefungiwa nje

Tuseme umeandika resolusheni isiyokubalika, ukatengeneza grub.cfg, na sasa menyu haionekani. Usikimbilie kusakinisha upya. Menyu isiyoonekana bado ipo, na muda wake ukiisha inaendelea na chaguo la kwanza. Subiri. Ubuntu ambayo haikumaliza kuwaka vizuri mara iliyopita hungoja sekunde 30 badala ya muda wa kawaida, na wengi huzima mashine katikati ya sekunde hizo, hivyo kuanza upya duara lilelile. Bonyeza Enter mara moja kisha iache.

Isipowaka kabisa, washa kwa flashi yenye Ubuntu au Debian ya kujaribu, fungua terminali, uone vizigeu:

lsblk -f

Tambua kile chenye Linux yako. Hapa nachukulia ni /dev/sda2. Kisha:

sudo mount /dev/sda2 /mnt
for d in dev proc sys; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
cp /etc/default/grub.zamani /etc/default/grub
update-grub
exit

Kama /boot iko kwenye kizigeu chake, kipandishe kwenye /mnt/boot kabla ya chroot, la sivyo utaandika grub.cfg mahali ambapo GRUB haitazami. Washa upya bila flashi.

Na ikiwa umefuata yote haya na hakuna hata badiliko moja lililoonekana, hakikisha kwamba mashine yako inatumia GRUB. Pop!_OS, kwa mfano, kwenye UEFI hutumia systemd-boot, ambayo haijui habari za /etc/default/grub. Amri ya bootctl status itakuambia. Huko resolusheni ya menyu huwekwa kwenye faili la loader.conf kwa mstari wa console-mode, ukiandika auto, keep au max.

Neno moja kwa mafundi wanaotengeneza mashine za watu, za shule na za maofisi. Ndani ya /etc/default/grub, mstari ukianza na alama ya reli GRUB haiusomi, lakini binadamu anausoma. Andika hapo kwa Kiswahili ulibadili nini, tarehe gani, na kwa sababu ya monita ipi. Na lile faili la grub.zamani usilifute.